Presha ya mkono wa kushoto

Nairobi ukiwa msichana wa chini ya miaka 40 halafu useme unaskia kizunguzungu, majibu ni matatu na yamekuwa hayo tangu zamani: hujakula, una damu kidogo, ama una stresi. Ukiongeza kwamba mikono pia inachoka unaongezewa la nne, kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Dada yangu aliambiwa yote manne, mengine na watu wa makoti meupe na mengine na mama mboga wa pale stegi, na kusema ukweli sikuona tofauti kubwa kati ya hao wawili.

Naandika hii kitu yote mara moja juu nimechoka kuieleza vipande vipande kwa simu. Kila shangazi anataka kujua "kwani alikuwa na nini hasa", na ukianza kueleza anakatiza na habari ya jirani yake aliyepona kwa kunywa maji ya moringa.

Inaitwa Takayasu. Ni ugonjwa wa mishipa mikubwa ya damu, aota yenyewe inayotoka kwa moyo na matawi yake makubwa, yale yanayoenda mikononi, shingoni, kwa figo. Kinga ya mwili, ile inafaa kupigana na vijidudu, inageukia ukuta wa mshipa. Ukuta unavimba, unakuwa mnene, unaweka kovu, na nafasi ya ndani inabanwa polepole hadi saa zingine inafungika kabisa. Mahali pengine ukuta unalegea badala yake na mshipa unatuna. Hauambukizi, haujaletwa na chakula, na kwa nini unamshika huyu ukamwacha yule bado sayansi haijamaliza kueleza. Kinachojulikana ni kwamba wagonjwa wengi ni wanawake, kama 8 ama 9 kati ya 10, na kwa kawaida unaanza kabla ya miaka 40. Ni ugonjwa adimu. Lakini adimu na haupo ni vitu viwili, na hapo ndipo mambo mengi yanaharibikia.

Watu wakisikia mishipa mikubwa wanafikiria moyo. Kwa dada yangu kilichoumia ni ubongo.

Yeye ni msusi, Kenyatta Market, pale upande mmoja nyama inachomwa na upande mwingine kichwa kimoja kinashikwa na wasusi watatu, wanne, ndio mteja atoke haraka. Hiyo kazi ni mikono juu. Unasimama, mikono iko usawa wa kifua ama juu zaidi, vidole havipumziki, masaa na masaa. Akaanza kusema mkono wa kushoto unakufa. Sio ganzi ile ya kulalia mkono, ni uchungu wa kuchoka, mzito, unaanzia juu ya kiwiko ukipanda, na akiushusha kidogo unapoa, akiuinua tena arudi kwa kichwa cha mteja unaanza upya. Ikafika mahali wenzake ndio wanamalizia wateja wake na pesa zinagawanywa hivyo, na maneno madogo madogo yakaanza pale sokoni, si mnajua wasusi. Kuanika nguo pia ikawa shida. Ata kujifunga kilemba asubuhi anapumzika katikati.

Hiyo sio uvivu, ni hesabu ya damu. Msuli ukifanya kazi unataka damu zaidi, na damu ya mkono inapita kwa mshipa unaitwa subklavia, unaopita chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele kati ya shingo na bega. Huo ukiwa umebanwa, mkono ukikaa tu uko sawa, ukiupa kazi unalia. Na kwa Takayasu subklavia ya kushoto ndiyo moja ya mishipa inayopigwa sana. Miezi mingi kabla ya hapo alikuwa na vitu vingine ambavyo hakuna mtu aliviunganisha: joto la mwili linalokuja na kwenda, jasho la usiku, kupungua uzito, viungo kuuma, na uchungu pembeni ya shingo akigusa. Hapa kwetu jasho la usiku na kukonda ni TB hadi ithibitishwe vingine, na siwalaumu, TB ipo Kenya na inaua. Akapimwa makohozi, akapigwa eksirei ya kifua, hakuna kitu, akaambiwa ale vizuri.

Halafu kukaja mashine ya presha.

Kwa kemisti ya mtaani kiti cha mteja kimewekwa ukutani, mashine iko kwa meza upande wa kushoto, kwa hivyo kila mtu anapimwa mkono wa kushoto. Hakuna sababu ingine, ni venye meza imekaa. Dada yangu akipimwa inasoma 86 kwa 50, siku ingine inahangaika ikijaza upepo, inatoa, inajaza tena, mwishowe inaandika Err na mwenye kemisti anaigonga anasema ni betri. Kwa hivyo sote tukajua ana presha ya chini. Akashauriwa aongeze chumvi, anywe juisi ya bitruti, abebe soda kwa mkoba. Na yeye ni mtu wa kufuata maagizo, akaongeza chumvi kweli.

Sasa ona. Baadaye sana, mtu alipokuja kupima mkono wa kulia, ilikuwa 168 kwa 102. Mtu mmoja, dakika hiyo hiyo, amekaa kiti hicho hicho. Mkono wa kushoto ulikuwa unasoma chini kwa sababu damu haikuwa inafika huko vizuri, sio kwa sababu presha ya mwili iko chini. Presha ya mwili ilikuwa juu, juu kabisa, na mshipa wa figo moja nao ulikuwa umebanwa, na figo ikibanwa mshipa inadhani mwili mzima umekosa damu, inamwaga homoni za kupandisha presha, inapandisha na kupandisha, na sisi huku tunamwongezea chumvi. Kuna wagonjwa ambao mikono yote miwili imeziba, na hao unaweza kupima kushoto na kulia zote zikudanganye, hadi upime kwa paja ndio ujue presha ya ukweli. Kwa mtu wa kawaida presha ya mguu ikipimwa amelala huwa juu kidogo kuliko ya mkono, lakini ikipishana sana ujue kuna mahali njia imeziba.

Siku ya kwanza ya ubongo ilimpata kazini. Alikuwa katikati ya kichwa, kitana kikaanguka kutoka mkono wa kulia. Mkono wa kulia, ule mzima. Akainama kuokota vidole vikakataa kushika, akasimama akataka kumwambia mwenzake amsaidie, na maneno yakatoka yakiwa si maneno. Mwenzake anasema ilikuwa sauti yake kabisa, na mapigo ya sentensi kabisa, lakini hakuna neno hata moja ndani. Mdomo ukaenda upande. Mteja akapiga nduru. Kabla boda ya kumpeleka hospitali ifike alikuwa ameanza kuongea tena, na kufika huko akawa sawa kabisa, ata anawaomba msamaha kwa kuwasumbua.

Hiyo kupona ndiyo ilimponza. Kiharusi kidogo cha kupita, ambacho dalili zinakuja na kuisha zenyewe, sio bahati, ni onyo, na siku chache zinazofuata ndizo hatari zaidi ya kupata kile kikubwa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye lugha pia, kwa hivyo mkono wa kulia na maneno yakipotea pamoja mtu anafaa kwenda moja kwa moja kuangalia mshipa wa shingo wa kushoto, ule unaoitwa karotidi. Pale alipopelekwa kwanza, ambapo sitapataja, walimpiga CT ya kichwa, ikaonekana safi, wakamwandikia vitamini na wakasema ni wasiwasi. CT ya kichwa inaweza kabisa kuwa safi masaa ya kwanza ya kiharusi, na kwa kile cha kupita mara nyingi haionyeshi chochote. Zaidi ya hayo walikuwa wanatafuta ndani ya kichwa. Kichwa hakikuwa na kosa, kilikuwa kinanyimwa damu.

Nyumbani nako kukawa na makongamano. Mmoja akasema ni pepo, mwingine akasema ni msusi wa kibanda cha pili amemfanyia kitu, na dada yangu akacheka, akasema huyo hawezi, ata pesa ya stima anakopa. Mum akaleta mchungaji. Sina neno na maombi, mimi mwenyewe niliomba. Lakini asubuhi moja wiki hiyo hiyo akaamka mkono wa kulia umelegea na safari hii haukurudi.

Hospitali ya pili tulikaa sana kwa benchi, tukaonwa na intani, daktari ambaye bado yuko mafunzoni. Msichana mdogo, macho mekundu ya kukesha, kalamu imefungwa na plasta. Hakuanza na kichwa. Alishika mikono yote miwili kwa wakati mmoja, vidole vyake juu ya mishipa ya viwiko vya mikono, kulia na kushoto, akafumba macho, akakaa hivyo. Mum alidhani anaomba. Halafu akahamisha vidole kidogo kwa mkono wa kushoto, akatafuta, akahamisha tena. Akauliza, "Dada, huu mkono huwa baridi?" Akachukua stethoskopu hakuiweka kifuani, aliiweka juu ya mtulinga wa kushoto, kisha shingoni, akamwambia ashike pumzi. Akamwita mama yangu, "Mama, njoo usikie," akampa ile stethoskopu, na mum anasema ilikuwa inavuma, fuuu, fuuu, kila pigo la moyo. Huo ni mvumo wa damu ikilazimishwa kupita mahali pembamba. Akapima presha mkono wa kulia, akapima kushoto, akaandika zote mbili akazizungushia duara, na akatoka nje kupiga simu kwa mkubwa wake. Hakuna mashine ya maana ilikuwa imetumika hadi hapo. Vidole, masikio, na kamba ya presha iliyohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Nilipokuja kusoma baadaye nikaona kwamba hivyo ndivyo vitu vilivyoandikwa. Vigezo vya mwaka 1990 vya chama cha madaktari wa rumatolojia wa Marekani, wale wa magonjwa ya viungo na ya kinga kugeukia mwili, viko sita, na karibu vyote unavipata bila umeme: umri wa kuanza usiozidi 40, mkono ama mguu kuchoka ukifanya kazi, mapigo ya mkono kuwa dhaifu, tofauti ya presha ya mikono inayozidi 10, mvumo juu ya subklavia ama aota, na cha mwisho ndio picha ya mishipa. Vitatu vikipatikana unamshuku mgonjwa kwa nguvu. Mwaka 2022 walivibadilisha, sasa lazima picha ionyeshe mshipa wenyewe na umri umesogezwa hadi 60, lakini mvumo, mapigo na presha ya mikono miwili bado viko mle. Tofauti ya dada yangu haikuwa 10. Ilikuwa 82.

Alipigwa CT ya mishipa, ile wanakudunga dawa kwa mkono ndio mishipa ing'ae kwa picha, kuanzia shingoni hadi tumboni. Subklavia ya kushoto imeziba kabisa karibu na inapoanzia, karotidi ya kushoto imebaki kanjia kembamba, ukuta wa aota umenenepa, mshipa wa figo ya kushoto umebanwa. Na MRI ya ubongo ikaonyesha kiharusi kipya kidogo na alama zingine za zamani ambazo hakuwahi kuzijua. Hayo makovu yalikuwa sehemu za mpakani, pale ambapo eneo linalolishwa na mshipa mmoja linaishia na la mwingine linaanza. Hizo sehemu ndizo za mwisho kupata na ndizo za kwanza kukosa presha ikishuka, kwa hivyo mtu aliye na karotidi mbaya akisimama haraka, ama akiharisha akaishiwa maji, ama akipewa dawa kali ya presha ghafla, hapo ndipo panakauka.

Kizunguzungu chake nacho kilikuwa na maelezo yake, na daktari wa nyuro, yaani wa ubongo na neva, alipotuchorea nilielewa mara moja juu naishi Kawangware. Mtaani maji yakija kwa zamu kuna yule jirani mwenye pampu. Amefunga pampu kwa laini ya wote, akiwasha, tangi lake linajaa, na kwako wewe sio tu maji hayaji, ata yaliyokuwa kwa bomba yako yanarudi nyuma yakifuata pampu. Sasa subklavia ikiziba, mkono unatafuta damu kwingine. Kuna mshipa unapanda nyuma ya shingo kupeleka damu kwa ubongo wa nyuma, sehemu ya usawa na macho, na huo unaanzia kwa subklavia, mbele kidogo ya pale palipoziba. Mkono ukianza kazi, damu ya huo mshipa inageuka, badala ya kupanda kichwani inashuka kwenda mkononi. Kila akisuka alikuwa anajiibia ubongo. Kwa hivyo macho kufifia, dunia kuzunguka, mara moja alizimia kabisa akashikwa na mteja. Na mkono wenyewe pamoja na huo wizi wote bado hautosheki. Kwa dopla ya shingo, ile skani inayoonyesha damu inavyotembea, wanaiona waziwazi, damu inatembea upande usiofaa, na ukimwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi inazidi.

Hiyo sio njia ya pekee ya ubongo kuumia kwa huu ugonjwa, ni ile tu ya kwake. Kuna wanaopata donge la damu linalotoka kwa ukuta uliovimba likaziba mshipa mdogo juu. Kuna wanaovuja damu ndani ya kichwa kwa sababu ya presha ya figo iliyopanda miaka bila mtu kujua. Kuna ile presha inapanda ghafla ubongo wa nyuma unajaa maji, mtu anaumwa kichwa vibaya, anapata kifafa, anapofuka kwa muda, na ikishughulikiwa haraka mara nyingi mtu anarudi sawa. Na kuna macho. Macho ndiyo yalianzisha hii hadithi yote.

Mwaka 1908 daktari wa macho wa Kanazawa, Japani, Mikito Takayasu, alisimama mbele ya wenzake kueleza habari ya mwanamke wa miaka ishirini na kitu ambaye mishipa midogo nyuma ya jicho lake ilikuwa imeungana ikizunguka duara, jambo ambalo hakuwa ameliona. Kwenye mkutano huo huo wenzake wawili, Onishi na Kagoshima, wakasema wao pia wana wagonjwa wa macho ya namna hiyo, na mikono yao haina mapigo. Jicho lilikuwa linajitengenezea njia za kando kwa sababu damu ya karotidi haifiki. Na ata hao hawakuwa wa kwanza, London mwaka 1856 William Savory alikuwa ameandika habari ya mwanamke kijana ambaye mishipa ya mikono yote miwili na ya upande wa kushoto wa shingo ilikuwa imeziba kabisa. Kwa hivyo mtu akikwambia huu ni ugonjwa wa juzi, mwambie apunguze. Na mtu akikwambia ni wa Wajapani, Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, walichapisha mwaka 2005 ripoti ya wagonjwa wao 272, na presha ya juu ndiyo iliyoleta wengi wao hospitali. Uhusiano na TB umeshukiwa muda mrefu na haujathibitishwa, lakini kwa nchi zenye TB nyingi hilo swali linaulizwa kila mara kabla ya dawa kuanza, kwa sababu dawa zenyewe zinashusha kinga na TB iliyolala inaweza kuamka.

Dawa sasa. Steroidi kwanza, dawa za kutuliza uvimbe na kinga, prednisoloni dozi kubwa, halafu inashushwa kidogo kidogo kwa miezi, na hapa kila mtu wa familia anafaa kuelewa kwamba haiwezi kuachwa ghafla, mwili unakuwa umesahau kujitengenezea yake. Uso ukafura, akawa na hamu ya kula usiku, usingizi ukahama, sukari ikawa inapimwa. Pale sokoni wakamwambia amependeza, amenawiri, kumbe ndoa imemkubali, na hana ndoa. Pamoja na hiyo aspirini ndogo ya kila siku, dawa ya presha iliyoongezwa taratibu kabisa, maana karotidi ikiwa hivyo ukiiangusha presha haraka unaunyima ubongo na hicho kidogo. Na methotreksati, dawa ingine ya kutuliza kinga. Hii naisema kwa sauti: inamezwa siku moja kwa wiki. Moja. Sisi hapa dawa tumezoea moja asubuhi moja jioni, na methotreksati ikimezwa kila siku kwa kukosea inaweza kuua, inaharibu uboho na damu. Kwetu ni Jumapili baada ya kanisa, na siku zingine chupa inakaa kwa mum, sio kwa kabati ya dawa zingine.

Pesa sitaizungumzia sana, wenye wagonjwa wanajua. Grupu ya WhatsApp ilifunguliwa, waliochanga walichanga, waliotoka kwa grupu usiku walitoka, na tuliwaona. Wasusi ndio walinishangaza. Wale wale wa maneno madogo walileta bahasha nene kuliko ya upande wa baba.

Kitu kimoja kilichonitesa kuelewa ni vipimo vya damu. Kuna viwili vinavyoonyesha kama mwili unawaka ndani, ESR na CRP, na sisi tulikuwa tunavifuata kama matokeo ya mechi, zikishuka tunasherehekea. Daktari wa rumatolojia akatupunguza kasi. Kwa Takayasu zinaweza kuwa sawa kabisa huku ukuta wa mshipa bado unavimba, kwa hivyo "damu iko safi" haitoshi, lazima picha zirudiwe, na vidole virudi kwa mishipa ya mikono kila kliniki. Na tumeuliza habari ya kufungua ile mishipa, kuweka njia ya kando ama kupanua kwa puto. Inafanywa, lakini ikifanywa ugonjwa ukiwa bado unawaka huwa inaziba tena, na karotidi ikifunguliwa ghafla ubongo uliozoea damu kidogo unaweza kufurika na kuvuja. Kwa hivyo wanangoja upoe. Kungoja ndio sehemu ya matibabu ambayo hakuna mtu anataka kuichangia.

Maneno yamerudi karibu yote. Kinachobaki ni majina ya vitu vidogo akiwa amechoka, anashika kibanio anakiangalia anakijua kabisa na jina haliji, anasema "hicho kinini", na pale kazini sasa kila kitu kinaitwa hicho kinini, ata wateja wameshika. Mkono wa kulia umerudi na nguvu, ila vidole viwili vya mwisho viko nyuma kidogo kwa kazi ndogo ndogo. Amepanga upya kibanda. Mteja anakaa chini kwa mkeka, yeye amekaa kwa stuli nyuma yake, kichwa cha mteja kiko usawa wa magoti yake, kwa hivyo mikono haipandi juu. Hafanyi tena kichwa kizima, anaanza mistari ya mbele ambayo ndiyo inaonekana, wengine wanamalizia, na kwa hiyo kazi ya mbele ana bei yake. Na amenunua mashine ya presha, ndogo, akaiweka pale kwa kaunta karibu na mafuta ya nywele. Anapima wateja. Mikono yote miwili, ukikataa wa pili anakuangalia hadi uutoe.

Saa hii mjadala ni mwingine. Anataka mtoto. Amesema kliniki mbele ya mum, bila kutuonya, na mum alikohoa sana. Methotreksati haikai na mimba, inaharibu mtoto, na lazima iachwe kabla, sio baada ya kugundua. Daktari hakumkataza, alisema inawezekana, wanawake wenye Takayasu wanazaa, ila presha ndiyo ya kuogopwa, kwake na kwa mtoto, kwa hivyo kwanza ugonjwa utulie kwa muda wa kutosha, kisha wabadilishe dawa kwenda azathioprini ambayo inaruhusiwa, kisha kliniki ya wajawazito na ya rumatolojia zikae pamoja tangu siku ya kwanza, na kwa faili iandikwe kwa herufi kubwa asipimwe presha mkono wa kushoto. Dada yangu akachukua kalamu ya daktari akaiandika mwenyewe, hapo hapo, kwa jalada la faili. Daktari akamwangalia tu. Halafu akauliza baba wa mtoto ni nani, na mum akaacha kukohoa akasogeza kiti.